Mfalme wa Nta

Sikusoma, na sioni haya kulisema. Herufi nilijifunza kwenye madebe ya mafuta ya taa nikiwa tayari nina ndevu, na kabla ya hapo nilikuwa mpiga upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kwenye mitumbwi ya mizigo, kutoka Kipini kupanda mto mpaka mikono itoe malengelenge. Leo ukifika Garsen ukauliza duka lenye sakafu ya saruji, utaoneshwa langu. Hakuna aliyenipa. Lakini habari za duka nitaziandika siku nyingine nikipenda. Hizi ni habari za pesa za kale, kwa sababu kwa pesa za kale nilijulikana toka Kipini hadi Bangale, na kwa pesa hizohizo nilimfanya mwanamke mmoja asiwe mke wala mjane.

Nilianza kuzikusanya nikiwa bado na upondo mkononi. Mto ukifurika hula kingo zake, na ukishuka huacha wazi vitu ambavyo watu wa zamani walivisahau. Kule chini, karibu na bahari, kuna magofu ambayo hakuna aliye hai anayejua nani alikaa ndani yake. Mvua ikiipiga ile ardhi hutoka shanga, vigae, na mara moja moja kipande cha shaba kilichogeuka kijani. Wenzangu walikuwa wakivirusha majini, wakisema ni pesa za mashetani. Mimi nilivifunga kwenye vitambaa. Kwa kuwa sikujua kuandika, niliweka mafundo. Fundo moja, imetoka Kipini. Mawili, imetoka kwenye magofu. Matatu, nimeipata kwa wafugaji wa bara. Mpaka leo nifumbe macho unipe kitambaa, nitakuambia kilichomo na kilikotoka.

Wafugaji waliniletea zile riale kubwa za fedha zenye kichwa cha bibi mnene, ambazo wake zao huzivaa. Watu wa pwani waliniletea pesa za masultani, nyembamba kama magamba ya samaki. Nilizijua zote. Nilizijua kwa mlio wake juu ya jiwe, kwa uzito wake mizanini zikipimwa na punje za mchele, na kwa harufu yake ukizisugua kwa kidole gumba. Fedha hainuki. Shaba hunuka damu. Nilikosea mara moja tu, au hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu: niliiosha moja kwa ukwaju na jivu, kama wanawake waoshavyo sinia, nikaisugua mpaka ikang'aa, na ilipong'aa haikuwa na uso tena. Tangu siku hiyo sarafu yangu haigusi maji.

Kisha, nikiwa nimekwisha fungua duka, akaja Mzungu mmoja mpima ardhi. Alipiga hema lake karibu na kivuko, akawa anapima mto asubuhi hadi jioni kama mtu aliyeahidiwa kuuchukua nyumbani. Aliingia dukani kununua sigara, akaliona kopo langu la biskuti lenye vitambaa. Nikamfungulia. Alizipita riale, akazipita rupia, akashika kile kipande cha kijani cha mafundo mawili ambacho nusura nikitupe.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye matope, bwana."

"Ni ya Warumi hii."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba Warumi walikuwa watawala wa ng'ambo, wa zamani sana, kabla ya Mtume kuzaliwa, na kwamba pesa zao zilipita mkono kwa mkono wa wafanyabiashara mpaka zikapotelea huku kwetu. Alinifundisha namna ya kuwatambua: tazama kwanza kichwa, kisha taji, kama ni la majani au la miale ya jua, kisha maandishi yanayozunguka, kisha geuza utazame mgongo. Nikashika yote kwa siku moja. Aliniambia mwenyewe kwamba nina macho makali kuliko makarani wake.

Akanifundisha na jambo jingine. Mtu akikataa kukuuzia sarafu yake, alisema, chukua nta ya nyuki, ilainishe mkononi, ibonyeze juu yake, utabaki na picha. Neno alilotumia ni hilo, picha. Mimi nilikuwa na picha yangu moja niliyopigwa Malindi, na kovu la shavuni mwangu lilikuwa upande lilipo hasa. Kwa hiyo nilijua picha ni nini. Sikuuliza zaidi.

Sasa, palikuwa na mkulima mmoja aliyekaa kitongoji cha mtoni kati ya Wema na Kulesa. Alikuwa mtu wa juu ya mto, katika wale Waislamu walioteremka na mto kutafuta ardhi ya mpunga. Alikuwa mwembamba, mwingi wa maneno, na shingoni alivaa sarafu iliyotobolewa, imefungwa kwa ukambaa mweusi. Mara ya kwanza nilipoiona, akisubiri kivuko, mate yalinijaa. Niliuona mwale mmoja wa taji ukichungulia kwenye uchafu wa jasho.

"Nakupa jora zima la kitambaa," nikamwambia.

"Jora litachakaa."

"Nakupa mbuzi."

"Mbuzi atakufa. Hii imemzika babu yangu, ikamzika baba yangu, na yenyewe haijakonda. Una duka zima, bwana mkubwa, niachie mimi haka kamoja."

"Basi nipe picha yake."

"Ati unipige picha kifua wazi? Mke wangu atasemaje?"

Watu wa kivukoni wakacheka. Alikubali, ila kuivua alikataa kabisa. Alisema haijatoka shingoni mwake tangu baba yake alipoifunga kwa mkono wake. Basi nikalainisha nta, nikaibonyeza palepale ilipokuwa, juu ya kifua chake. Nilikuwa nimeinama, jua linanipiga kisogoni, na sarafu yenyewe nilikuwa nimeifunika kwa kidole gumba. Na kupitia ile nta niliuhisi moyo wake ukigonga. Dup, dup, taratibu, kama mtu anayegonga mlango na hana haraka.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Unaitaka sarafu au unaitaka roho?"

Nilirudi dukani nikaitazama ile nta chini ya mwanga. Ilitoka vizuri ajabu. Mtu mwenye taji la miale, pua kama ya mwewe, ametazama kushoto. Maandishi yalimzunguka, na nilipojaribu kuyasoma kwa herufi zangu za madebe yalikataa, mpaka nilipoanzia kulia. Hapo nikapiga paja. Kumbe Warumi nao huandika kutoka kulia, kama Waarabu! Nilimweleza kila aliyekuja kununua chumvi. Nilimweleza hata mwalimu wa msikiti, akaniitikia kwa kichwa.

Mpima ardhi alipoondoka aliniachia ukurasa wa kitabu wenye vichwa vya Warumi vilivyochorwa safu kwa safu. Wote walitazama kulia. Wote, isipokuwa wangu wa nta. Sikuona shaka yoyote. Niliona bahati. Nikaanza kutangaza kwamba mimi peke yangu, mtoto wa mpiga upondo, ninayo picha ya mfalme wa Kirumi aliyewapa wenzake kisogo.

Mafuriko ya mwaka uliofuata, yule mkulima alitoka asubuhi na mtumbwi kwenda kuutazama mpunga wake. Kabla ya adhuhuri mtumbwi ulifika hapa Garsen, unaelea mtupu. Nilikuwepo ulipozuiwa na kamba ya kivuko. Haukuwa umepinduka. Upondo ulikuwa umelazwa ndani, umekauka, na kando yake palikuwa na bakuli lake la bati, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi. Hiyo ilikuwa tabia yake, na wote waliokula naye waliijua. Akimaliza kula hulisugua bakuli kwa mchanga, halafu hulifunika, kwa sababu alikuwa akisema bakuli lililoachwa wazi hukaribisha mgeni usiyemjua.

Walimtafuta siku nane. Hakuonekana, wala nguo yake haikuonekana. Wengine walisema mamba. Wengine, wenye midomo, walisema amewakimbia wakwe, yuko Malindi anauza nazi. Mkewe alikuwa bado kijana, mtu wa sauti ndogo, ambaye dukani kwangu alikuwa akionesha kitu kwa kidole badala ya kukitaja. Mwalimu wa msikiti alimwambia ukweli wake. Mume asiyejulikana kufa bado ni mume. Hakuna eda bila kifo, na kifo kinataka dalili. Angengoja mpaka kadhi aseme, na kadhi angeweza kungoja miaka. Mpaka hapo hangeolewa, hangerudi kwao, hangelia msibani. Angekaa tu.

Alikaa miezi mingi.

Halafu wakaja wawindaji wa ngozi za mamba. Walikuwa na bunduki na chumvi nyingi, wakapiga kambi chini ya Garsen. Mmoja wa wachunaji wao, mtu wa juu mwenye mikono inayonuka hata akiwa ng'ambo ya barabara, aliingia dukani akacheka.

"Mzee wa pesa mbovu! Nimekuletea ndugu yake."

Akaitupa mezani. Aliitoa kwenye tumbo la mamba mkubwa, katikati ya mawe ambayo mamba huyameza. Tumbo lilikuwa limeila. Maandishi yote yalikuwa yamefutika. Upande wa juu palikuwa na pengo ukingoni, kama pameumwa. Kilichobaki ni kichwa tu, na mwale mmoja au miwili ya taji. Kwa mlio na kwa harufu niliitambua mara moja kuwa ni ya Warumi. Nikampa alichotaka, nikaiweka juu ya kitambaa kila mtu aione.

Saa ile ile ya mchana akaingia kaka yake yule mwanamke kununua chumvi. Aliiona akasimama, pakiti ya chumvi mkononi.

"Hii ni ya shemeji."

"Pole pole, kaka," nikamwambia. "Haya mambo yana wenyewe."

Baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani kwa msikiti. Walikuja watu wa Wema, wa Kulesa, na watu wa kivuko ambao hata hayawahusu. Wanawake walikaa pembeni, na yeye katikati yao amejifunika mpaka machoni. Mbele yangu walitandika mkeka mpya. Nakubali, niliufurahia ule mkeka. Mimi niliyekuwa nikitukanwa na manahodha, leo mwalimu wa msikiti ananingoja mimi nifungue kinywa.

Nikasema sana. Niliwaeleza Warumi, taji la majani na taji la miale, na namna wanavyoandika kutoka kulia. Kisha nikaweka sarafu ya mamba upande huu na nta upande ule.

"Tazameni wenyewe. Huyu wa tumboni anatazama kulia. Yule wa marehemu…"

"Usimwite marehemu bado," akasema mwalimu.

"Yule wa bwana yule anatazama kushoto. Ni mfalme mwingine kabisa."

"Na hili pengo?" akauliza kaka mtu. "Si ndipo palipokuwa na tundu?"

"Sarafu nyingi hutobolewa. Ninazo kopo zima."

"Labda mamba alimgeuza," akasema mtu wa kivuko, na watu wakacheka.

"Mamba hula nyama. Hageuzi wafalme," nikajibu, wakazidi kucheka, nami nikacheka nao.

Yule mwanamke alisema mara moja tu, kutoka pale alipokaa. "Kwa hiyo yu hai?"

Hapo ningesema sijui. Neno fupi. Badala yake nilisema, "Sarafu hii si yake. Na mimi sijawahi kukosea."

Nilimsikia akicheka chini ya buibui. Kicheko kidogo, cha mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali.

Kesho yake alipika wali na samaki, akatia kwenye bakuli la mumewe. Mbele ya kitongoji chao pana fungu la mchanga katikati ya mto, na wakati ule wa kiangazi maji ya kufikia pale yalikuwa ya kifundo cha mguu. Adhuhuri alivuka, akaliweka bakuli mchangani, akarudi. Siku iliyofuata alilikuta tupu. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga, limefunikwa kifudifudi.

Habari hii ilinifikia dukani nikacheka. Nikaenda mwenyewe kuiona, kwa sababu mimi si mtu wa kusimuliwa. Nilifika jua likiwa utosini. Huo ndio wakati mto huu unaponitisha, na nimeishi nao maisha yangu yote. Ndege hawalii. Maji yanakwenda na hayatoi sauti. Nilivuka kabla yake, nikalikuta bakuli la jana. Lilikuwa limefunikwa. Nilipolinua, chini yake mchanga ulikuwa na ubaridi, na bati lilikuwa safi, lile ua jekundu la ndani linang'aa kama jipya. Nikatafuta nyayo. Zilikuwepo za mtu mmoja, miguu midogo ya kike, zikija na kurudi. Na zangu. Basi.

Nikajiambia ni tumbili. Nikawaambia na watu hivyo hivyo. Lakini tumbili anayejua kusugua bakuli kwa mchanga, huyo ningemwajiri dukani.

Mvua zilinyesha huko juu, mto ukaanza kuvimba, naye akaendelea kuvuka na bakuli kila adhuhuri. Watu waliopita kivukoni waliniletea habari bila kuulizwa. Maji yamemfika nusu ya muundi. Maji yamemfika magotini. Wanawake wa kwao walimzuia, akawaambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba mwenye duka ameshasema. Mwenye duka amesema yu hai, na mwenye duka hakosei.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyopata akili. Asubuhi moja mteja aliweka shilingi juu ya mche wa sabuni uliokuwa mezani umelowa, kisha mimi, bila kuangalia, nikaweka jiwe la mizani juu yake. Baadaye nikalinyanyua jiwe, nikaibandua shilingi. Kwenye sabuni palikuwa na mfalme, wazi kabisa, mpaka masikio yake. Nikamtazama. Nikaitazama shilingi. Kwenye shilingi mfalme ametazama kushoto. Kwenye sabuni ametazama kulia.

Nilidhani ni macho. Nikaibonyeza tena, mahali pengine. Akageuka tena. Nikalifungua kopo, nikatoa Mrumi wangu wa kijani wa mafundo mawili, anayetazama kulia kama wote walio kwenye ule ukurasa, nikambonyeza. Akatazama kushoto. Nikabonyeza riale, nikabonyeza rupia, nikaujaza mche mzima wafalme na mabibi, na kila mmoja alinipa upande asio nao. Hata maandishi yao yalianzia kulia.

Nikaketi kwenye gunia. Nje watu walikuwa wakivuta kamba ya kivuko wakiimba. Picha niliyokuwa nayo haikuwa picha. Ilikuwa kinyume cha mtu. Yule wa tumboni mwa mamba ndiye aliyekuwa kifuani kwa mkulima, na mimi nilimkana mbele ya msikiti.

Ningekwenda siku ile ile. Sikwenda. Naliandika hili kwa sababu nikiliacha, yote niliyojisifia hapo juu yatakuwa uongo. Nilikaa siku nane, sawa na zile walizomtafuta. Nilijiambia mto utashuka wenyewe. Nilijiambia atachoka. Ukweli ni kwamba niliuona ule mkeka mpya, na watu wale wakicheka, safari hii bila mimi.

Siku ya nane, mvuta kamba wa kivuko aliingia kununua tumbaku. Hakukaa kupiga soga kama desturi yake.

"Yule mama, maji yamemfika kiunoni," akasema. "Na jana nilipita na mtumbwi, alikuwa anaongea na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu sikumwona. Nilimwona yeye akinyamaza. Anasema, halafu ananyamaza, kama anayepewa jibu."

Nilichukua mche wa sabuni, nikachukua kopo, nikaliacha duka wazi. Duka langu halijawahi kuachwa wazi kabla ya hapo. Nilitembea, na mahali pengine nilikimbia, na tumbo langu hili. Nilipofika ukingoni wanawake wanne walikuwa wamesimama, wamenyamaza, sauti zimewakauka kwa kumwita. Yeye alikuwa majini, na maji yamempita kiuno yanatafuta kifua. Bakuli alikuwa nalo kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Alikuwa amesimama kidogo, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza.

"Dada!" nikamwita. Hakugeuka.

"Dada! Nilikosea!"

Neno hilo lilinitoka kama jino. Wale wanawake wakanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

"Sarafu ni yake! Ya mamba ndiyo yake! Nimekosea mimi!"

Hapo akageuka. Alikuwa mbali kiasi, lakini sauti yake ndogo ilinifikia bila taabu, kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine yoyote.

"Sema tena."

"Mumeo amekufa, dada. Alikufa siku ile ile ya mtumbwi. Mola amrehemu."

Alilishika bakuli kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akaenda zake mpaka kwenye fungu la mchanga, akaliweka bakuli chini kwa utaratibu, akaanza kurudi. Na aliporudi, nyuma yake, hatua kumi hivi, niliyaona maji yakijikunja na kujinyoosha, kama shuka inayovutwa na mtu aliyelala chini yake. Yalikuja naye mpaka yalipofika ya magoti. Hapo yakatulia. Wale wanawake nao waliyaona, maana mmoja wao alinishika mkono, na sikuwa mtu wa kushikwa mkono na mke wa mtu.

Alitoka majini, nguo zikimganda. Hakulia. Akasema, "Nioneshe."

Nikamwonesha sabuni. Nikabonyeza shilingi mbele yake, nikambandulia mfalme. Nikamwonesha nta, kisha nikamwonesha sarafu ya mamba. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Akaipitisha ncha ya kidole juu ya lile pengo la tundu.

"Na bakuli anaosha nani?" akaniuliza.

Miaka yote ile watu walinijia na vitu wasivyovijua, na sikuwahi kukosa jibu. "Sijui," nikamwambia.

Barazani mara hii sikutandikiwa mkeka. Nilisimama, nikasema maneno machache, nikaipitisha sabuni mkono kwa mkono. Yule mtu wa kivuko aliyesema mamba alimgeuza mfalme hakucheka. Mwalimu alikubali dalili. Wakamsalia maiti asiyekuwepo, na kwa kuwa hapakuwa na cha kuzika, kaka mtu akaniomba ile sarafu. Mimi niliyekataa kuuza sarafu zangu hata kwa mpima ardhi, niliitoa bila kuulizwa mara mbili. Waliifunga kwenye kipande cha sanda, wakaiweka ardhini, mbali na maji. Yule mwanamke akaingia eda yake, miezi minne na siku kumi, akalia kilio chake chote ndani ya nyumba.

Mto ulijaa, ukabakisha kilele tu cha fungu la mchanga, kisha ukashuka.

Alipotoka eda alikuja dukani. Ilikuwa asubuhi, watu wako kivukoni. Chini ya kanga yake alikuwa na kitu, akakiweka mezani. Lilikuwa lile bakuli. Wali ulikuwa umekauka ndani yake, mweusi, umegandamana na mchanga na siafu waliokufa.

"Ni la siku ile," akasema. "Siku uliyosema. Nililikuta palepale, wazi. Hakuja kula tena."

Nikalisogeza bakuli pembeni mwa mizani.

"Nioneshe ile nta, kaka."

Nikalifungua kopo. Akaichukua kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama mpaka nikaanza kuona vibaya.

"Mume wangu alitazama huku," akasema, akionesha kwa kidevu upande wa kulia. "Huyu anatazama kule. Walikuwa wawili, basi. Mmoja alikufa siku ya mtumbwi. Mmoja ulimtoa wewe kifuani pake ukaja naye hapa." Akairudisha koponi, taratibu, kama unavyomlaza mtoto. "Huyu ndiye niliyekuwa nikimlisha."

Kisha akaonesha kwa kidole leso ya maua mekundu, akainunua, akaenda. Aliolewa Kulesa baadaye, ana watoto. Tukikutana kivukoni hunisalimu vizuri.

Siku ile, alipokwisha kutoka, niliichukua nta niiharibu. Kidole changu kilikaa chenyewe mahali kilipokaa siku ile nilipoibonyeza kifuani pa mkulima, maana alama ya dole gumba bado ilikuwepo mgongoni mwa nta. Na nilihisi kitu kikigonga. Taratibu, hakina haraka. Huenda ulikuwa moyo wangu mwenyewe. Sikungoja kujua. Fundi cherehani anayeshona barazani kwangu alikuwa na pasi ya mkaa inawaka. Nikaifungua, nikamtia mfalme ndani. Duka zima likanuka asali.

Sarafu bado nazikusanya, na hakuna mtu kutoka huku mpaka Malindi anayezijua kunishinda. Lakini nta sishiki. Na lile bakuli hakulichukua. Niliuondoa ule wali, nikalisugua kwa mchanga mpaka ua jekundu likaonekana, nikalifunika kifudifudi rafuni nyuma ya meza. Wateja wengi wamelitaka, siliuzi. Kila nifunguapo duka hulitazama kwanza kama bado limefunikwa kifudifudi. Mara mbili nimelikuta wazi. Nimelifunika tena, nikaanza kuuza.